Risasi Isiyoingia Kwenye Ganda: Kasha la Vifaa Lililokuja na Bunduki ya Babu

*Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Milwaukee, Wisconsin, mwaka wa kumi na mbili sasa. Baba mkwe wangu, Mmarekani mwenye asili ya Kijerumani, alifariki mwaka jana, na mume wangu amerithi bunduki ya kulenga shabaha iliyokuwa ya babu yake, pamoja na kasha la mbao. Bunduki imeandikwa Stevens na .32-40. Kitako chake kina pembe mbili kama mwezi mchanga, na ina vifyatulio viwili. Ndani ya kasha kuna ganda moja tu la shaba, kalibu ya kusubia risasi, koleo ndogo, kipande kinene cha chuma chenye kishikio cha mbao kama mchi, na wenzo wenye ndoano ambao hakuna anayejua kazi yake. Mume wangu amesubu risasi chache kwa kalibu ile, lakini haziingii kwenye ganda, ni nene mno. Jirani yetu anasema kalibu si ya bunduki hii. Anatushauri tuiuze tununue nyingine, au tuzikwangue risasi mpaka ziingie, kisha tuzibane kwenye ganda kwa ule wenzo. Mume wangu anatamani kufyatua walau mara moja kwa heshima ya babu yake. Tufanyeje?"*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Kabla ya lolote, kalibu msiiuze, na risasi msizikwangue. Kwa maelezo yako, kila dalili inaonyesha kwamba kalibu ni ya bunduki hiyo hiyo, na ganda halina kasoro. Risasi haziingii kwenye ganda kwa sababu hazikusubiwa ziingie humo. Ule wenzo mnaoushangaa ndio jibu la swali lenu: kazi yake ni kuisukuma risasi ndani ya mtutu wenyewe, kwa upande wa nyuma, kabla ganda halijatiwa.

Simlaumu jirani yenu. Aliyezoea bunduki za siku hizi anajua kitu kimoja kilichoungana: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti tumboni, na risasi imebanwa mdomoni. Akikuta risasi inagoma kuingia mdomoni mwa ganda, atasema vipimo havilingani. Sisi wa Kiswahili tunakanganyika zaidi, maana neno risasi tunaliita kile kitu kizima, tunakiita pia kile kichwa kinachoruka, na tena ndilo jina la madini yenyewe. Humu nikisema risasi nina maana ya kile kinachoruka tu. Madini nitayataja kwa jina kamili, madini ya risasi. Na kile kitu kizima kilichoungana nitakiita risasi nzima, ingawa katika bunduki ya babu yenu risasi na ganda havikuwahi kushikana.

Pembe za kitako zimeniambia babu alikuwa mtu wa mchezo gani. Pembe moja hupita chini ya kwapa na nyingine hukaa juu ya bega, bunduki ikamshika mtu kama mtoto anayembeba. Vile vifyatulio viwili navyo vina sababu yake: kimoja hutega, cha pili hufyatua kwa mguso mwepesi kuliko wa kugeuza ukurasa wa kitabu, ili kidole kisiitikise bunduki dakika ya mwisho. Hii ni bunduki ya Schützen, yaani walenga shabaha wa jadi ya Kijerumani na Kiswisi. Wahamiaji waliileta jadi hiyo Marekani katika karne ya 19, na miji kama Milwaukee, Cincinnati, New York na San Francisco ikawa na vyama vyake. Watu walikutana na familia zao, wakala, wakanywa, wakasikiliza muziki, na wanaume walisimama wima kwa miguu miwili, bila kuegemea kitu, wakalenga shabaha yenye duara 25 umbali wa yadi 200, kama meta 183 hivi. Mshindi wa sikukuu alitawazwa mfalme wa mwaka. Vita Kuu ya kwanza ilipofika na kila chenye jina la Kijerumani kikatiliwa shaka, vyama vingi vilififia. Makasha yakabaki kwenye dari za nyumba, na waliojua kuyatumia wakaondoka mmoja mmoja. Ndiyo maana hata mume wako, mjukuu wa mwenyewe, hajui.

Sasa tuingie ndani ya mtutu, maana bila kuelewa kinachotokea humo vifaa hivi vitaonekana kama anasa.

Ndani kuna mifereji iliyokatwa kwa kuzunguka, na baina ya mifereji kuna matuta. Fikiria shamba la viazi vitamu lililokunjwa likawa bomba. Matuta huuma ubavu wa risasi na kuilazimisha izunguke inavyosonga mbele. Mzunguko huo ndio unaoifanya itulie hewani, kama pia ya kuchezea watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Pia iliyochongwa vibaya nayo unaijua: inazunguka lakini inayumba. Risasi ni hivyo hivyo.

Katika bunduki ya kawaida, ganda hukaa ndani ya chemba, yaani nafasi yake nyuma ya mtutu, kwa kulegea kidogo, kwani lazima liingie na kutoka bila kugombana nalo. Likilegea, linalala, haliko katikati hasa. Baruti inapowaka, risasi inachomoka mdomoni mwa ganda, inavuka nafasi fupi iliyo tupu, ndipo inapokutana na matuta ikiwa tayari na kasi. Huyo ni abiria anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka. Mara nyingi atapanda salama, ila hatapanda vile vile kila siku: leo mguu wa kulia, kesho bega limegonga mlango. Madini ya risasi ni laini, kucha inaweza kuyakwaruza. Risasi ikiingia imeinama hata unene wa unywele, matuta yanaichonga upande mmoja zaidi ya mwingine, na hakuna kitu ndani ya mtutu kitakachoinyosha. Itatoka imepinda, na kwenye yadi 200 kosa hilo linaonekana kwa macho.

Walenga shabaha wa zamani walijiuliza: kwa nini abiria adandie? Kwa nini asikae kwanza kwenye kiti, mlango ufungwe, ndipo dereva atie gia? Vifaa vilivyomo kwenye kasha lenu ndivyo vya kumkalisha abiria.

Nikuonyeshe ilivyofanywa, ili mkivishika mikononi mvitambue. Mtu alishusha kishikio cha chini cha bunduki, kizibo cha chuma kinachoifunga nyuma ya mtutu kikateremka, na nyuma ya mtutu ikabaki wazi, unaona mwanga hadi mdomoni. Alichukua risasi iliyokwisha kupakwa mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya mnyama kwenye vijifereji vyake, akaiingiza kwenye chemba kwa kidole, ncha mbele. Ilisimama pale matuta yanapoanzia. Kisha akautia mchi nyuma yake. Mwili wa mchi umechongwa kwa kipimo cha chemba, kwa hiyo hauna nafasi ya kuyumba, na ncha yake ni bapa, inagusa makalio yote ya risasi kwa pamoja. Akasukuma kwa kiganja. Hapo unasikia ukinzani, halafu risasi inateleza kidogo na kutulia, matuta yamekwisha kuiuma. Mchi ukatolewa, likaingia ganda lenye fataki na baruti peke yake, mdomo wake umezibwa kwa kipande chembamba cha kadi ili baruti isimwagike. Kizibo kikapandishwa. Bunduki iko tayari.

Wenzo hufanya kazi ile ile kwa adabu zaidi. Ndoano hushika kwenye chuma cha bunduki, na unapoubana mkono wake, kijiti kifupi kinasogea mbele taratibu na kuisukuma risasi kwa nguvu iliyo sawa kila mara, bila kutegemea kiganja kilichochoka. Sioni ajabu kuwa na vyote viwili kwenye kasha moja. Mafundi na kampuni walitengeneza vifaa hivi kwa maumbo mengi, na walenga shabaha wenyewe walichonga vyao. Wengine walitumia ganda la zamani lililojazwa mti mgumu ndani na hawakuona haja ya kingine.

Kuna jaribio moja rahisi la kuthibitisha ninayosema, na halihitaji kugusa bunduki. Simamisheni ganda na mchi kando kando juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kama mchi una bega au kola inayokaa nyuma ya chemba, pimeni kuanzia hapo hadi kwenye ncha. Mtaona mchi umelizidi ganda kwa urefu kidogo sana, pengine kama unene wa sarafu ya dime. Urefu huo haukuja kwa bahati. Ndio unaoamua risasi ikae umbali gani mbele ya mdomo wa ganda, na desturi ilikuwa kiasi cha moja ya thelathini na mbili hadi moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kati ya milimita moja isiyotimia na moja na nusu. Ikikaa nyuma zaidi, ganda litaigonga makalio na kuiharibu. Ikikaa mbele mno, panabaki uwazi ambao moto wa baruti utautumia vibaya. Aliyechonga mchi wenu aliupima kwa chemba ya bunduki yenu na kwa ganda hilo lenu. Ndiyo sababu nasisitiza visitenganishwe. Kalibu, ganda, mchi, wenzo na mtutu ni kitu kimoja kilichokatwa vipande.

Na hilo ganda moja nalo msidhani mengine yamepotea. Wengi wao walitumia ganda moja siku nzima. Walifyatua, wakalitoa, wakaondoa fataki iliyokufa, wakatia mpya, wakajaza baruti pale pale kwenye meza ya uwanjani, wakalirudisha. Waliweka hata alama ndogo kwenye ukingo wa kitako cha ganda ili liingie kwenye chemba likiwa limegeukia upande ule ule kila mara. Litazameni la kwenu kwa kioo cha kukuzia. Mkikuta mkwaruzo au kijinukta kwenye ukingo, huo ni mkono wa babu. Koleo yenu ndogo, kwa kukisia, ni ya kutolea na kutilia fataki. Kampuni ya Ideal ya John Barlow huko New Haven, Connecticut, iliuza koleo nyingi za namna hiyo.

Turudi kwenye unene wa risasi, maana ndio uliowasumbua. Jina .32-40 lina maana ya upana wa karibu sehemu 32 za mia za inchi, na baruti nyeusi grein 40, kama gramu mbili na nusu hivi. Lilianza miaka ya 1880 pamoja na bunduki za Ballard zilizotengenezwa na Marlin, baadaye likapendwa sana na watu wa Schützen, nao hawakuifuata risasi ya kiwandani. Nyingi za risasi zao zilikuwa nyembamba mbele, ili ncha ipande juu ya matuta bila ugomvi, na nene nyuma, ili makalio yajaze mifereji hadi chini na moto usipenye pembeni. Risasi ya namna hiyo inaligomea ganda kwa sababu ya yale makalio. Mkiikwangua mnaondoa kile hasa ilichosubiwa kwa ajili yake.

Makalio ndiyo roho ya jambo lote. Watu hudhani ncha ndiyo inayoamua risasi iende wapi. Franklin Mann, daktari wa Massachusetts aliyetumia miaka mingi kupima mambo haya na kuyachapisha mwaka 1909, aliharibu risasi kwa makusudi, nyingine nchani, nyingine kwenye makalio. Zilizoharibika ncha zilisamehewa mengi. Zilizoharibika makalio zilitawanyika. Sababu ni kwamba makalio ndiyo yanayoaga mtutu mwisho. Yakiwa na kasoro upande mmoja, moto unatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kwa upande, wakati ambapo hakuna tena kuta za kuishika.

Na hapa kuna kasoro ambayo hata wenzo bora hauiondoi, nami sitaificha. Risasi inaposukumwa kutoka nyuma, ncha mbele, matuta yanapoichonga huburuta madini kuelekea nyuma, na kwenye ukingo wa makalio hujitokeza vijisega vidogo, kama kucha ya mbao inayobaki mwisho wa randa. Harry Pope, fundi wa mitutu aliyezaliwa mwaka 1861 na kujijengea jina akiwa Hartford, Connecticut, alikuwa na dawa ya hilo. Wazee wetu walioshika gobore wangeielewa mara moja. Unajua gobore linavyoshindiliwa: baruti kwanza, kisha risasi kupitia mdomoni, mdeki ukaifikisha chini. Pope aliichukua nusu ya desturi hiyo. Risasi aliishindilia kwa mdomoni, makalio mbele, mpaka karibu na chemba, halafu ganda lenye baruti likaingia kwa nyuma kama kawaida. Kwa njia hiyo matuta yaliburuta madini kuelekea kwenye ncha, makalio yakabaki safi, na risasi ikawa imefagia masizi ya mlio uliopita ikishuka.

Ili mdomo wa mtutu usiharibike kwa kushindiliwa, palitumika mdomo bandia: kipande kifupi kilichokatwa kwenye mtutu huo huo, chenye pini za kukishikiza mahali pake, mifereji yake ikiendelea na ya mtutu bila kukatika. Wazo hilo lilikuwa la zamani. Alvan Clark, ambaye baadaye alisifika duniani kwa lenzi za darubini za kutazamia nyota, alilipatia hataza mwaka 1840. Mwaka 1901, C. W. Rowland wa Colorado, akitumia mtutu wa Pope, alipiga risasi 10 kwenye yadi 200 zote zikakaa ndani ya inchi 0.725, chini ya milimita 19, kwa kupima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu.  Kila nikiisoma habari hiyo nasimama kidogo.

Mwaka huo huo wa 1901 Pope alijiunga na kampuni ya Stevens, na kwa muda palitoka bunduki zenye majina yote mawili. Baadaye alihamia San Francisco, na karakana yake ikateketea katika tetemeko na moto wa Aprili 1906. Aliishia Jersey City, akichonga mitutu hadi uzeeni, akafariki mwaka 1950. Nawasimulia haya kwa sababu yenu ni Stevens. Ugeuzeni mtutu kwenye mwanga mtafute jina la Pope juu yake, na mtazame uso wa mdomo wa mtutu kama kuna vitundu vidogo vya pini vilivyopangwa kuzunguka. Vikiwepo, pekueni dari, pekueni makabati, waulizeni shangazi na wajomba. Kipande kifupi cha chuma kilichotobolewa katikati na chenye pini, ambacho mtu anaweza kukidhania takataka ya fundi bomba, kitakuwa na thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo kwenye kasha.

Sasa ombi la mume wako. Namwelewa, na sitamwambia asifyatue kamwe. Lakini isiwe ninyi wawili peke yenu, na isiwe kabla bunduki haijapita kwenye mikono ya fundi wa bunduki anayezijua hizi za kale.

Hatari ya kwanza inatokana na mbinu yenyewe. Risasi iliyokwisha kusukumwa kwenye mtutu haitoki kwa kutoa ganda. Mtu akiahirisha, akasahau, kesho yake mwingine akatia risasi nzima ya dukani nyuma yake, mtutu una risasi mbili na unaweza kupasuka mbele ya uso. Ndiyo maana kwa bunduki hizi mtu hutazama mwanga ndani ya mtutu kila anapoifungua, hata kama ameifunga dakika moja iliyopita.

Ya pili ni baruti. Bunduki nyingi za aina hii zilijengwa kwa baruti nyeusi. Stevens walikuwa na umbo la 44, ambalo si imara, na kuanzia mwaka 1903 la 44½, lenye chuma kilichofuliwa na uimara mkubwa zaidi. Kwa nje huweza kumchanganya asiyezijua, kwa hiyo msiamue ninyi kwa kulinganisha na picha. Risasi nzima zinazouzwa kwa jina la .32-40 msizitie humo kwa kuwa tu jina linafanana. Kosa la tatu ni la watu waliosoma nusu ya habari. Wanatia baruti ya kisasa kidogo, wanabana kipande cha kadi juu yake kisha panabaki uwazi hadi kwenye risasi, na chemba inavimba pete pale makalio ya risasi yalipokuwa. Mtutu uliodumu miaka mia moja na zaidi unakwisha kwa mlio mmoja. Vipimo vya baruti sitawaandikia hapa. Vinatolewa na mtu aliyeishika bunduki hiyo hiyo.

Fundi atafanya mambo ambayo hayafanyiki kwa barua. Atamimina ndani ya chemba madini yanayoyeyuka kwa joto dogo, yapoe, ayatoe, na hapo atapata sanamu ya chemba na mwanzo wa matuta ya kupimwa kwa mikromita. Atatazama kama mtutu umeliwa na fataki za zamani, ambazo masalio yake yalikuwa ya chumvi na yalivuta kutu. Atapima kama kizibo bado kinafunga sawasawa. Akiridhika, watafuteni watu wa chama cha American Single Shot Rifle Association. Wanachama wake bado wanalenga shabaha kwa njia hizi hizi, na wamo waliozoea kumkalisha mgeni kwenye meza na kumwongoza kidole kwa kidole. Siku hiyo mume wako afyatue kwa vifaa vya babu yake. Ikishindikana, yaani fundi akasema hapana, mkubalini. Bunduki na kasha lake likiwa kamili bado ni kitu cha kuonyesha watoto, au cha kukabidhi kwa makumbusho ya jimbo pamoja na picha za babu kama zipo.

Kuhusu kusafisha, nisikilize kwa makini. Nilipoanza kazi hii nilipewa mchi kama huo wenu niutunze. Niliona madoa meusi, nikachukua msasa laini, nikausugua asubuhi nzima hadi uking'aa kama kijiko kipya. Aliyenifundisha alipouona alinyamaza, kisha akaniuliza ule mstari mwembamba uliokuwa karibu na kishikio uko wapi. Ulikuwa alama ya mwenyewe ya kumwonyesha kwamba risasi imefika. Nilikuwa nimeufuta. Alama ile haitarudi, na mchi ule tangu siku hiyo ni kipande cha chuma kinachong'aa tu. Ninyi tumieni kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya mashine, basi. Weusi ulioshikamana na chuma uacheni. Shaba ya ganda msiisugue. Kalibu msiipige wala kuikwaruza kingo zake za ndani. Msivihifadhi ndani ya kasha lenye unyevu, na ngozi au sufi inayogusa chuma muiondoe.

Kama kwenye kasha au dari kuna kopo la zamani lenye unga mweusi au vijiboksi vya fataki, msifungue, msitikise, msilitupe kwenye takataka. Pigieni simu polisi au zimamoto kwa namba ya kawaida, waelezeni mlichokiona, waje walichukue.

Na kwa kuwa mmekwisha kusubu, jueni kwamba madini ya risasi ni sumu, na kwa watoto ni sumu zaidi. Kazi hiyo isifanyike jikoni wala kwa sufuria itakayorudi kupikia. Ifanyike nje penye upepo, pasipo na tone la maji karibu, kwani tone likiingia kwenye madini yaliyoyeyuka huyarusha huku na huku yakiwa ya moto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto, na nguo zifuliwe peke yake. Kama mna mtoto mdogo nyumbani na mmesubia ndani, mpelekeni apimwe damu. Kipimo ni chepesi na daktari wa watoto hatashangaa mkiomba.

Jambo la sheria ni fupi. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale na haina masharti sawa na nyingine. Ikiwa yenu ni 44½ imetoka baada ya hapo, kwa hiyo masharti ya kawaida ya umiliki na ya kuisafirisha nje ya jimbo yanahusika. Muulizeni huyo huyo fundi awaandikie umri wake.

Nawaomba mfanye moja wiki hii, mchana, karibu na dirisha. Hakikisheni kwanza chemba ni tupu na mwanga unapita hadi mdomoni. Kisha piga picha tatu: uso wa mdomo wa mtutu, ukingo wa kitako cha ganda, na ganda likiwa limesimama kando ya mchi na dime moja katikati yao. Nitumie pamoja na maandishi yoyote mtakayoyakuta chini ya mtutu. Kwa picha hizo nitaweza kukuambia kama babu alikuwa akisukuma kwa nyuma tu, au kama kuna kipande cha chuma mahali fulani humo nyumbani ambacho bado hamjakiona.